Jinsi ya Kuzuru Ittoqqortoormiit Bila Kuwa Kitoweo wala Mzigo

Umechoshwa na fukwe, unataka barafu? Karibu Ittoqqortoormiit, mashariki ya Greenland, kijiji cha watu wasiofika 400 kilichoanzishwa mwaka 1925. Mbele yake pana Kangertittivaq, mtandao mkubwa kuliko yote duniani wa hori za bahari zilizochongwa na barafu. Kaskazini yake inaanza hifadhi ya taifa yenye kilomita za mraba 972,000: Tanzania nzima inaingia humo na nafasi inabaki. Fuata masharti haya.

1. Ratiba iache nyumbani. Ndege kutoka Iceland itakushusha Nerlerit Inaat, kisha helikopta ikuvushe hadi kijijini. Ukungu ukitanda, helikopta hairuki, na barabara haipo. Kumfokea mhudumu hakuondoi ukungu. Beba dawa za ziada, pesa za ziada na siku za ziada.

2. Dukani, tia adabu mkononi. Bahari hufungwa na barafu takriban miezi tisa kwa mwaka, kwa hiyo meli za mizigo huja kiangazi tu, tena chache. Biskuti unazozikomba zote leo, kuna mtoto alizitegemea hadi meli ijayo. Chukua zako mbili, uondoke.

3. Dubu mweupe ana haki ya njia. Usivuke nyumba ya mwisho bila mwenyeji mwenye bunduki. Mnyama huyu hukimbia hadi kilomita 40 kwa saa. Wewe na viatu vyako vya theluji hamfiki popote. Mwenyeji akisema rudi, rudi. Simu ibaki mfukoni.

4. Mbwa wako kazini. Utawaona wamefungwa nje kati ya nyumba, kila mmoja na mnyororo wake. Theluji iliyokanyagwa inakuonyesha mnyororo unafika wapi. Usiingie ndani ya duara hilo, hata akikutikisia mkia. Ukitaka kuwajua, panda sleji. Hawafungwi wawili wawili: kila mbwa ana kamba yake, wakatanda mbele kama vidole vya kiganja kilichofunguliwa. Anayepita vibaya hupiga kamba fundo, na mwindaji husimama kuzifungua, mara nyingi kwa mikono mitupu kwenye baridi ile. Nyamaza, mwache afanye kazi.

5. Kula, usihubiri. Ukiandaliwa nyama ya sili, pokea kwa mikono miwili. Hapaoti mahindi wala mchicha pale. Watu wameishi kwa bahari na bunduki, na dubu huwindwa kwa mgawo uliowekwa na serikali tangu 2006. Aliyekulia kwenye barafu hahitaji somo lako la mboga.

6. Siku ya tatu, shika jembe. Wahenga walishasema, na wewe helikopta imekukwamisha. Udongo wa kulima huupati, basi omba koleo uondoe theluji mlangoni, au saidia kubeba mizigo. Wakati wa kulipa ukifika, mpe mwindaji bei aliyotaja bila kuvutana. Wageni huja kwa msimu. Mbwa wale hula mwaka mzima.