Daktari wa Feri

Hospitalini kwetu skrabu, sare zetu za wodini, hazivuki geti, vijidudu vibaki kazini. Basi mimi nesi napanda daladala na shati la mistari kama karani, na aliyevaa skrabu ni kijana anayepara samaki soko la Feri.

Marobota ya mitumba kutoka Marekani huja nazo tele, nyingine bado zina jina la hospitali kifuani. Bei poa, hazidai pasi, na kiuno ni cha kamba: mnene zinamkaa, mwembamba zinamkaa. Kamba ndiyo balaa. Ikifuliwa huzama ndani ya pindo, na nesi hugawa dawa kwa mkono mmoja, wa pili umeshika suruali.

Rangi nayo haikuja bure. Wapasuaji walivaa nyeupe mpaka mng'ao wa taa ukawachosha macho. Mwaka 1914 Harry Sherman wa San Francisco akahamia kijani cha mchicha. Anayekodolea damu kwa muda kisha akatazama kitu cheupe huona madoa ya kijani yakicheza. Kwenye kitambaa cha kijani hayamsumbui. Mpara samaki naye hutazama damu kutwa, kwa hiyo mtaani kwetu ndiye pekee anayeivaa kihalali.

Juzi kwenye daladala bibi aliyekaa kati yangu na kijana huyo alimgeukia yeye.

"Daktari mwanangu, presha itaniua."

"Shikamoo bibi. Punguza chumvi. Dawa unameza kila siku?"

"Kichwa kikiuma tu."

"Aa, bibi! Kila siku, hata ukijisikia mzima."

Sikuwa na la kusahihisha, na hilo ndilo lililoniuma. Aliposema miguu inavimba nikajitosa: "Bibi, mimi ni nesi. Nenda kituo cha afya wakakupime."

Akanikagua kuanzia kola hadi viatu. "Mwanangu, mwache daktari amalize."

Konda naye, badala ya kudai nauli, akaanza kueleza mgongo wake.

Kwenye foleni upepo ulikata, na harufu ikajaa gari zima. Bibi akaziba pua na ncha ya kanga, kwa heshima.

"Mmetoka kupasua?"

"Tangu alfajiri, bibi. Tena leo Kolekole katusumbua, jitu zima, watatu tumemshika."

"Masikini! Anaendeleaje?"

"Wenyewe wameshamchukua. Wamemlaza kwenye barafu."

Bibi akavuta kanga kichwani. "Mungu amweke mahali pema."

Daladala nzima tukaitikia amina.