Sifa za Kadi Isiyotikisika

Majemadari wana washairi wao, na matajiri wana wapambe wao. Kadi ya grafiki dhaifu haina mtu. Leo basi nasimama mimi kuisifu NVIDIA GT 1030, iliyotoka mwaka 2017 na kumbukumbu ya GB 2, ambayo vijana wa gemu wameitukana mpaka matusi yakawaishia. Nitamwita Mzee, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kauli ndani ya kompyuta, hata kama fedha zote zimekwenda kwa prosesa.

Nianze na unyenyekevu wake. Mzee hula wati 30 tu, tena huzichukua kwenye ubao mama bila kudai waya wake mwenyewe. Kadi nyingine, RTX 4090 ya mwaka 2022, imepangiwa wati 450. Mwili mdogo wa Mzee huingia hata kwenye kasha jembamba la kompyuta iliyostaafu ofisini, na mnunuzi wa mtumba akaondoka dukani anatabasamu, akiamini amepata mashine ya gemu.

Bidii yake nayo ni ya kuandikiwa tenzi. Washa gemu nzito, kisha utazame takwimu za matumizi. Mzee yuko asilimia 99, anahema. Prosesa mpya, iliyokula akiba ya nusu mwaka, iko asilimia 20, imekunja nne inasubiri kuitwa. Kati ya hawa wawili, nani mfanyakazi na nani mgeni rasmi?

Lakini sifa yake kuu ni kwamba hahongeki. Kila fremu ya gemu huanzia kwa prosesa: adui yuko wapi, risasi imefika wapi, gari limegonga nini. Ikishapiga hesabu hizo, prosesa hutoa amri za uchoraji, na Mzee hupaka rangi nukta moja moja. Kwenye skrini ya 1920 kwa 1080, nukta hizo ni 2,073,600 kwa kila fremu. Tuseme prosesa ya zamani humaliza sehemu yake kwa milisekunde 12, naye Mzee huhitaji 40. Utapata fremu 25 kwa sekunde. Nunua prosesa yenye kasi maradufu, inayomaliza kwa milisekunde 6: utapata fremu 25 kwa sekunde. Ni sawa na duka la ushonaji ambalo mkataji wake kanunuliwa mkasi mpya. Vitambaa vitarundikana mezani, na nguo zitatoka kwa mwendo ule ule wa cherehani. Kipya kinyemi, ndiyo, lakini Mzee hana habari na unyemi.

Tena hukumu yake haina siri. Kila mtu anaweza kuikagua bila kutoa hata senti. Shusha ukubwa wa picha hadi 1280 kwa 720, ambako nukta hubaki 921,600. Fremu zikipanda sana, ujue aliyekuwa akipanga mwendo ni Mzee. Zisipotikisika, yeye hana hatia, mtafute prosesa. Ni mahakama gani nyingine hutoa hukumu kwa dakika mbili, bila wakili na bila tarehe nyingine ya kusikilizwa?

Mahasidi watasema zipo gemu ambazo prosesa ndiyo bwana. Kweli, zipo. Kwenye Civilization VI, mataifa ya kompyuta yanapocheza zamu zao, muda unaokaa ukisubiri umo mikononi mwa prosesa. Na mchezaji wa mashindano aliyeshusha picha hadi chini kabisa ili apate fremu mia kadhaa ataona faida ya prosesa bora. Hayo hayampunguzii Mzee hadhi. Anayechelewa kuliko wote ndiye mtawala, na siku prosesa itakapokuwa nzito kuliko yeye, Mzee atakiachia kiti bila fujo. Viongozi wangapi wanaweza hivyo?

Wala hatawali bila mawaziri. Yupo skrini wa hertz 60, ambaye hata ukimletea fremu 200 ataonyesha picha 60 kwa sekunde na si zaidi. Yupo RAM wa kijiti kimoja, anayepitisha data kwa njia moja ilhali ubao una mbili. Na yupo ndugu wa Mzee, aliyetoka mwaka 2018 kwa jina lile lile la GT 1030 lakini akiwa na kumbukumbu ya DDR4. Mzee hupitisha GB 48 kwa sekunde. Huyu mdogo wake, 16.8. Ukoo huu una kipaji cha kuwafundisha watu kusoma maandishi madogo kwenye boksi, somo ambalo shule nyingi zimeshindwa kulifundisha.

Kwa hiyo, wewe unayeelekea dukani na bahasha ya kununulia prosesa, pita kwanza kwa Mzee umwamkie. Ukimkuta kwenye asilimia 99 wakati prosesa yako inapiga miayo, mpe heshima ya mwisho anayostahili mtumishi wa aina yake: kiinua mgongo, na mrithi. Bahasha itatosha, maana prosesa haikuwa ikiihitaji.