Barua ya wazi kwa wakuu wa shule za Kikatoliki: hongereni kwa usaili

Mapadre na Masista wapendwa, mnaoongoza shule za bweni Kasulu na Kibondo,

Wale kati yenu mnaochuja watoto kwa usaili nawapongeza kwa ufaulu mnaouvuna kabla masomo hayajaanza. Mtoto wa darasa la saba anaketi, anakuta Kiingereza na hesabu, na hesabu zenyewe zimeulizwa kwa Kiingereza. Katika nyanda hizi wengi wamesoma shule ya msingi ya serikali, miaka saba kwa Kiswahili, na nyumbani wanasema Kiha. Anayepenya kirahisi ni aliyelipiwa shule ya mchepuo wa Kiingereza. Kwa hiyo karatasi yenu inasahihisha risiti za ada za mzazi, na kwa kazi hiyo ni karatasi makini sana. Fikirini Hospitali ya Kabanga nayo ingepima watu getini na kulaza wazima tu: vifo wodini vingekwisha, na waganga wangepewa vyeti. Aliyechaguliwa hukabidhiwa maelekezo ya kujiunga (tranka, godoro, ndoo, kwanja, rimu ya karatasi), kisha wiki ya kwanza anafundishwa kengele, zamu za usafi na wastani ambao asipoufikisha atakariri au atahama. Yaani hata baada ya kuchuja, chujio halianikwi.

Mtajibu kwamba elimu bila malipo iliyoanza 2016 ni ya shule za umma, na kwamba mishahara ya walimu hailipwi kwa Salamu Maria. Ni kweli, na kuhusu ada sibishani nanyi. Lakini mkulima wa maharage aliyeuza ng'ombe ili alipe ada yote naye mtoto wake anakwama kwenye Kiingereza kile kile, kwa hiyo hoja ya fedha haiutetei usaili. Mtasema pia kwamba dhaifu wataishusha shule. Itashuka kutoka orodha gani? Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora tangu matokeo ya kidato cha nne ya 2022. Na kama walimu wenu ni hodari kama tunavyoambiwa kila mahafali, mtoto aliyeingia na Kiingereza cha kuokoteza ndiye shahidi wao bora, kwa sababu aliyeingia anakijua hathibitishi lolote. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu elimu, la 1965, linataka shule za Kikatoliki ziwajali hasa maskini na wasio na msaada wa familia. Sikuona humo kifungu cha usaili. Hata nafasi iliyoachwa na Yuda ilijazwa kwa kura, akapatikana Mathiya, na hakuna aliyemuuliza wastani wake.

Basi mwakani tengeni nafasi kumi katika kila mkondo, mzipigie kura miongoni mwa wahitimu wa shule za msingi za serikali za Kasulu na Kibondo. Miezi mitatu ya mwanzo iwe ya Kiingereza, kwanja lisubiri. Wakimaliza kidato cha nne, bandikeni matokeo yao kando ya yale ya wenzao, wazazi tusome.