Chukua Bure, Anawika Vizuri

Msonyo wa kwanza juzi ulitoka kwa muuza kahawa wetu, naye si mtu wa kusonya ovyo. Maneno huyahesabu kama anavyohesabu vikombe. Alasiri imeshasaliwa, maskani ya Kiembe Samaki, pembeni mwa barabara ya Uwanja wa Ndege, watu wamezama kwenye dhumna. Akatokea kijana wa nyumba za nyuma, jogoo kwapani. Kuku mzuri wallahi: mwekundu, mkia wa kijani unang'ara, upanga umesimama wima.

"Jamani, nani anamtaka? Namtoa bure. Anawika vizuri."

Mfyuu! Anawika vizuri! Kwani nani hapa hajamsikia?

Mmoja akasema banda lake limejaa. Wa pili anaye wake, wakikutana wawili watatoana macho. Wa tatu kapanga, na mwenye nyumba hataki hata paka. Kijana mwingine akamshika miguu akamtazama juu chini, akauliza kama ni kuchi. Alipoambiwa si kuchi akamwacha akaenda zake, na sote tukajua alimtakia nini. Kuwapiganisha kuku ni haramu, lakini nani atakwambia yeye ndiye anayefanya? Akapita na bwana mwingine, akauliza kama hana mweusi mtupu. Huyo hatukumuuliza kitu. Mtu anayetafuta jogoo wa rangi moja saa za magharibi, mganga wake mwachie mwenyewe.

Mzee wetu wa kwenye kona ndiye aliyeuliza la maana. "Mwanangu, unampa mtu amfuge au amle?"

"Amfuge, mzee. Nimemlea tangu kifaranga."

"Basi rudi naye nyumbani."

Sasa tuzungumze, yakhe. Huyu kijana si wa kwanza, na mimi mwenyewe yamenikuta. Mwaka jana nilimwatamisha koo wangu, siku 21 zikatimia, vikatoka vifaranga kumi na moja. Mke wangu akafurahi, tutakula mayai mpaka tuyachoke. Walipoanza kuota upanga, nikahesabu: tembe wanne, pora saba. Saba! Mzee wa kwenye kona akanambia kosa langu nilichagua mayai marefu, eti yai la duara ndilo linalotoa jike. Maneno hayo. Ukiangua mengi, karibu nusu watakuwa madume, ndivyo alivyopanga Mungu, na siku nyingine kura inakuangukia vibaya. Jogoo mmoja anawatosha mitetea minane au kumi. Na kama shida yako ni yai la kukaanga tu, huhitaji jogoo hata mmoja. Kuku hutaga bila yeye.

Nikampeleka yule mkubwa wao shamba, kwa shemeji yangu, nikidhani usingizi umerudi. Siku ya tatu, kabla ya adhana ya alfajiri, akawika wa pili wake, ambaye siku zote nilimwona mpole. Kumbe mambo haya yameshachunguzwa. Wataalamu wa Nagoya, Japani, walionyesha mwaka 2013 kwamba jogoo ana saa yake mwilini, huwika kwa wakati wake hata akifungiwa kwenye mwanga hafifu usiobadilika. Na mwaka 2015 wakaeleza kuwa wanawika kwa vyeo: mkubwa anaanza, wengine wanafuata kwa zamu. Ukimwondoa sultani, umemtawaza waziri. Mimi nilitawaza mawaziri mpaka nikachoka.

Zamani mtaa huu ulikuwa minazi, miembe na mihogo, na pora hakuwa tatizo la mtu. Alikuwa akiba ya mgeni. Shangazi akishuka kutoka Makunduchi, watoto wanatumwa kukamata, na jioni pana mchuzi. Leo ni ukuta kwa ukuta, dirisha la jirani linafungukia bandani kwako, na jirani mwenyewe kahamia juzi kutoka mjini. Anakwenda kwa sheha, jogoo anamkosesha usingizi. Nsh! Ndege zinapita juu ya mabati yetu mpaka vikombe vinacheza, na sijamwona aliyekwenda kwa sheha kuishitaki ndege.

Ufaransa nao walifika huko. Kisiwani kwao Oléron, majirani walimshitaki jogoo aitwaye Maurice. Mwaka 2019 mahakama ikampa ushindi, na majirani wakatakiwa walipe yuro 1,000. Januari 2021 ikapitishwa sheria ya kulinda sauti na harufu za mashamba. Niliposimulia haya maskani, muuza kahawa akauliza: "Na huyo Maurice yuko wapi?" Nikamwambia alikufa mwaka 2020, hata sheria hakuiona. Akasonya tena.

Lakini jirani simlaumu peke yake. Wa kulaumiwa zaidi ni sisi wafugaji wenye huruma ya nusu. Hatutaki kumchinja jogoo tuliyemlea, tunataka achinjwe na mtu mwingine, mbali, tusione, halafu tuambiwe anaendelea vizuri. Na jioni hiyo hiyo tunapita dukani kuchukua mapaja ya kuku wa boksi, aliyevuka bahari kwa meli kwenye barafu. Yule hakuwa na mama?

Mwingine atakwambia nunua vifaranga wa mayai kiwandani, wote majike, hutapata taabu. Ndugu zao wa kiume walikwenda wapi? Viwanda vingi duniani huwaua siku ile ile wanayoanguliwa. Ujerumani imepiga marufuku tangu mwanzo wa 2022. Kwa hiyo taabu haikuondoka. Umemlipa mtu akuondolee usiione.

Mimi sasa nimekata shauri. Wawili niliwauza sokoni Mwanakwerekwe mchana kweupe, na mnunuzi sikumuuliza anakwenda kufanya nini. Wengine niliwachinja mwenyewe kwa bismillahi, mmoja mmoja, kila alipokuja mgeni. Wa kwanza mkono ulitetemeka, siwafichi. Nyama yake ngumu, mke wangu akaitia papai bichi na bado ilichukua jioni nzima jikoni, lakini mchuzi ule boksi halina. Ukimpa mtu jogoo, mpe na ruhusa ya kisu, useme mbele ya watu. La huwezi, kaa naye, mlishe wewe na jirani umwombe radhi wewe. Kumwachia usiku kwenye njia za watu, kama wanavyofanya wengine, ni aibu.

Yule kijana hakurudi naye nyumbani. Alijifanya anakwenda msikitini, akatokomea. Jogoo kafungwa mguu kwenye kiti cha muuza kahawa, anakula makombo ya kashata, na alfajiri anawika vizuri kama tulivyoahidiwa. Mwenye kumtaka wa kumfuga aje kabla ya Ijumaa.