Yah: Maombi ya Kibali cha Kulala Hadharani

Kwa Mkurugenzi wa Jiji,
Ofisi ya Vibali, Ghorofa ya Juu Kabisa.

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni kikundi cha dansi ya kisasa, wachezaji sita, na tunaomba kibali cha kulala kituo cha daladala siku ya kazi, kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa alasiri. Hatutapiga muziki wala kuuza tiketi. Tutajilaza chini, tutafumba macho na, Mungu akipenda, usingizi utatuchukua.

Najua utauliza dansi iko wapi hapo. Ndugu Mkurugenzi, kulala mbele za watu kunashinda sarakasi kwa ugumu. Mazoezini tunaambiwa neno moja tu, “achia”. Achia shingo, achia mgongo, sakafu ikubebe. Tunaachia vyote, lakini kuna bega moja halikubali. Linabaki macho, linasubiri kuguswa na buti. Onyesho letu linahusu bega hilo.

Mabingwa wa fani hii hawajapita chuo chochote. Pita Kariakoo jua likiwa la utosi. Msukuma mkokoteni kalala ndani ya mkokoteni wake, kandambili kazifanya mto, kofia kaifunika usoni. Hatua chache mbele, bodaboda kalala chali juu ya pikipiki, kisogo kwenye siti ya abiria, miguu kaipandisha kwenye usukani, mikono kaikunja kifuani, na funguo kazining'iniza kidoleni. Ita “Boda!” kwa sauti ya kawaida tu. Hujamaliza kutaja unakokwenda, kashakaa, kashapiga kiki, kashakutajia bei, na bei yenyewe haina hata lepe la usingizi. Sisi tumejaribu kuiga mwamko huo mazoezini. Mwenzetu mmoja kavimba kifundo cha mguu.

Kinachotutia hofu ni sheria. Kanuni ya Adhabu tuliyoachiwa na Mwingereza inamfahamu mzururaji vizuri sana, na mzizi wake unarudi kwenye sheria ya uzururaji aliyoitunga kwao mwaka 1824. Mzururaji ni pamoja na yule anayekutwa mahali akashindwa kujieleza kwa namna ya kuridhisha. Sasa aliyelala fofofo atajielezaje? Tumeafikiana kila mchezaji alale na maelezo yake yamebandikwa kifuani, kwa herufi kubwa, ili askari asilazimike kuinama.

Kweli, tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, si ng'ambo, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za namna hiyo zinapingana na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zinapaswa kuzifuta au kuzirekebisha. Hatuleti jambo hilo kwa ubishi. Ushauri nao una haki ya kupumzika, na faili ni mahali pazuri, hapana mbu.

Wenzetu wa Ulaya wameshapata ufumbuzi. Mwaka 1995 mwigizaji Tilda Swinton alilala ndani ya kasha la kioo katika jumba la sanaa la Serpentine, London, muda wa saa 8 kila siku kwa wiki nzima, watu wakaenda kumtazama. Mwaka 2013 akarudia New York, katika jumba la MoMA. Hakuna mgambo aliyekigonga kioo kile kwa kirungu. London hiyohiyo, mwaka 2012, halmashauri ya Camden iliweka benchi la zege lililochongwa mabonde na miinuko, makusudi mtu asiweze kujilaza. Na huko Marekani, tarehe 28 Juni 2024, Mahakama ya Juu iliuruhusu mji wa Grants Pass, kwa kura za majaji 6 dhidi ya 3, kuwaadhibu wanaolala nje hata kama hawana pengine pa kulala. Somo tumelielewa: usingizi wenye kioo ni sanaa, usio na kioo ni uchafu wa mazingira. Kwa hiyo tunaomba kioo. Bajeti ikibana, tutaazima kabati la muuza chipsi na kukunja miguu.

Wapo watakaokuchokoza kwamba mbona waheshimiwa nao husinzia vikaoni, kamera zikiwaka, na hakuna anayewaburuta. Sisi hatumo katika uchochezi huo. Waheshimiwa wana kiti, tai na posho ya kikao. Usingizi uliolipiwa posho utauitaje uzururaji?

Limebaki jambo moja la utaratibu. Afisa wako alishauri tuvae fulana za rangi moja ili mgambo watutofautishe na wale wanaolala pale kila siku. Ushauri mzuri, ila tuna wasiwasi. Tukishalala, kijana aliyebeba mizigo tangu alfajiri anaweza kujipenyeza katikati yetu na kupata saa tatu za usingizi halali kwa mgongo wa sanaa. Mama aliyekuja mjini kuuguza na hana ndugu wa kumpokea anaweza kufanya hivyohivyo. Askari wako akituuliza yupi mchezaji na yupi mzururaji, atatukuta tumelala, na aliyelala hatoi ushahidi.

Fulana tutashona, lakini tutashona za ziada. Kwenye fomu, pale penye idadi ya washiriki, tumeandika “sita na zaidi”. Tunaomba muhuri ugongwe bila kulikata hilo la pili.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Katibu wa kikundi.

Nakala: Kamanda wa Mgambo wa Jiji (aje bila buti).