Usiamini Namba ya Jumapili
Mwongozo kwa anayetaka kujua ni sinema gani inajaza watu duniani

Kila Jumapili jioni, kama saa moja hivi kwa saa za Dar es Salaam na Nairobi, studio za Marekani hutangaza filamu iliyoongoza wikiendi. Kabla hujashangilia, angalia saa. Los Angeles bado ni asubuhi. Watu wa kule hawajamaliza kunywa chai, maonyesho ya mchana hayajaanza, na ya usiku ndiyo kabisa. Hata hivyo taarifa ishatoka, na ndani yake kuna mapato ya Ijumaa, ya Jumamosi na ya Jumapili nzima ambayo bado haijaisha! Hiyo Jumapili imekisiwa. Studio zinaangalia siku mbili za kwanza zilivyokwenda, zinaangalia filamu za aina ile zilivyoshuka Jumapili zilizotangulia, kisha zinaandika namba na kuipeleka kwa waandishi wa habari.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni rahisi kuliko zote: kalale. Namba halisi hutoka Jumatatu. Julai 2023, Jumapili ilisema Barbie imeingiza dola milioni 155. Jumatatu ikasema 162. Desemba 2015, Star Wars: The Force Awakens ilikadiriwa milioni 238, na hesabu ilipofungwa ikawa karibu 248. Milioni kumi zimepatikana watu wakiwa wamelala. Makadirio hukosea pande zote mbili, ila filamu ikitangazwa kuwa imepata milioni 100 na kinukta, andika kwa penseli. Hakuna studio isiyotaka kuvuka namba ya mviringo mbele ya waandishi, na wapo waliobebwa na Jumapili wakaangushwa na Jumatatu.

Tukiwa bado Marekani, jihadhari na Ijumaa. Filamu kubwa huanza kuonyeshwa Alhamisi alasiri, na fedha za Alhamisi huhesabiwa ndani ya Ijumaa. Ile Ijumaa ya Barbie ya takribani dola milioni 70 ilikuwa na milioni 22 za Alhamisi tumboni mwake. Ndiyo maana filamu yenye mashabiki wakali huonekana imeporomoka vibaya Jumamosi, wakati waliokuwa na haraka wote walishaingia tangu juzi. Kisha kumbuka kwamba soko hilo linaloitwa la nyumbani lina Kanada ndani yake, kama vile jedwali la Uingereza lilivyo na Ireland. Anayekuambia Wamarekani wametumia kiasi fulani kwa filamu fulani amewameza Wakanada bila kujua.

Sasa fungua daftari. Kompyuta inafaa, lakini daftari la mistari linatosha kabisa. Watu wengi huanza na safu tatu: filamu, nchi, fedha. Wewe weka ya nne, nayo ndiyo muhimu kuliko zote: wanahesabu nini? Nchi hazihesabu kitu kimoja, wala hazianzi wiki siku moja. Ukijumlisha bila safu hiyo utapata namba kubwa, nzuri, isiyo na maana yoyote.

Anzia Ufaransa, ambako ndiko ningependa kila mwanafunzi wa kazi hii aanzie. Wafaransa huhesabu watu. Filamu mpya hutoka Jumatano, na ikifika mchana wasambazaji wanaulizana onyesho la saa nane mjini Paris limekata tiketi ngapi. Wiki yao huisha Jumanne. Taasisi ya taifa ya sinema, CNC, iliyoanzishwa 1946, inafuatilia tiketi moja moja kwa sababu nzito: kila tiketi inatozwa kodi ya asilimia 10.72, na kodi hiyo inarudi kwenye mfuko unaosaidia kutengeneza filamu nyingine na kutunza kumbi. Mahali ambapo tiketi ya leo inalipia filamu ya kesho, hakuna anayekubali tiketi ipotee. Faida yake kwetu wafuatiliaji ni kubwa mno. Titanic ya 1997 na Bienvenue chez les Ch'tis ya 2008 zote zilivuka tiketi milioni 20 nchini humo, na unaweza kuziweka bega kwa bega bila kujali faranga iligeuka lini kuwa yuro wala kiingilio kilipanda mara ngapi. Mtu wa 1998 ni mtu mmoja. Mtu wa 2008 naye ni mmoja.

Ukishalionja hilo, nenda Korea Kusini. Baraza la filamu la kule lina mfumo unaoitwa KOBIS unaokusanya tiketi za nchi nzima kwa kompyuta na kuziweka hadharani kila siku: filamu gani, skrini ngapi, maonyesho mangapi, watu wangapi. Yeyote anaweza kuangalia. Hakuna haja ya kumjua mtu studio wala kusubiri tangazo la ushindi. Wakorea huzungumza habari ya filamu ya watu milioni kumi kama tunavyozungumza habari ya fainali, na filamu ya 2014 ya Admirali Yi Sun-sin, inayojulikana nje kama The Admiral: Roaring Currents, ilikata tiketi milioni 17.6 katika nchi ya watu wapatao milioni 50. Hesabu mwenyewe: ni kama tiketi moja kwa kila watu watatu, wazee na watoto wachanga wakiwemo. Hakuna kiasi cha dola kinachoweza kukuonyesha hivyo jinsi filamu ilivyoigusa nchi.

Ujerumani wiki ya sinema huanza Alhamisi. Saudi Arabia, iliyofungua tena kumbi Aprili 2018 kwa kuonyesha Black Panther mjini Riyadh baada ya zaidi ya miaka 35, hupumzika Ijumaa na Jumamosi, wakati Falme za Kiarabu tangu Januari 2022 hupumzika nusu ya Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Kwa hiyo ukichukua Ijumaa hadi Jumapili kote Ghuba, kuna nchi utakuwa umehesabu siku ya kazi ukidhani ni sikukuu. Na kuna Idi yenyewe. Filamu kubwa za Kihindi na za Kiarabu huisubiri, Salman Khan amejenga sehemu nzuri ya jina lake juu yake, na kila mwaka inarudi nyuma kama siku 11. Anayelinganisha wiki ya Idi ya mwaka mmoja na wiki ile ile ya kalenda mwaka uliotangulia atatoa maelezo marefu juu ya ladha za watazamaji, kumbe jibu lilikuwa mwezi mwandamo.

India, vuta kiti ukae vizuri. Huko huhesabu kwa krore, na krore moja ni laki mia, yaani milioni kumi. Hiyo si shida. Shida ni kwamba filamu moja hutembea na namba tatu. Ya kwanza ni fedha yote iliyolipwa dirishani. Ya pili ni hiyo hiyo baada ya kodi: tiketi ya zaidi ya rupia 100 hukatwa asilimia 18 juu ya bei yake, hivyo krore 118 za dirishani zinakuwa krore 100. Ya tatu ni fungu linalomfikia msambazaji baada ya mwenye ukumbi kuchukua chake. Mashabiki wa nyota mmoja hupenda kuchukua namba ya kwanza ya filamu yao na kuipiganisha na namba ya pili ya filamu ya jirani, na ugomvi huo unaweza kwenda mwezi mzima. Juu ya hayo, watayarishaji wenyewe huchapisha mabango yenye namba kubwa iliyonakshiwa kwa dhahabu. Bango ni tangazo la biashara. Liandike kwenye safu yake, lisiguse safu ya hesabu, na ukiweza tafuta idadi ya watu walioingia, maana wapo wachambuzi wa India wanaoikadiria.

Mstari mmoja wa daftari ningependa uuandike kwa mkono, taratibu. Filamu: Dangal. India, Desemba 2016, rupia. China, Mei 2017, yuani: zaidi ya bilioni 1.2. Filamu ya Kihindi kuhusu baba anayewafundisha binti zake mieleka ilipata China fedha nyingi kuliko ilizopata nyumbani. Watu walitoka ukumbini wakawaambia wenzao. Majedwali yote haya yananivutia kwa sababu ya mistari ya namna hiyo, ambapo unaona neno la mdomo likivuka milima.

China yenyewe inakuonyesha mapato yakipanda saa hiyo hiyo, kwenye programu za kuuzia tiketi kama Maoyan. Ni raha tupu. Lakini mwaka 2016 wasimamizi wa sinema wa kule waligundua kwamba filamu ya Ip Man 3 ilikuwa imeandikiwa maonyesho zaidi ya 7,600 ya hewa, yenye thamani ya yuani milioni 32, na msambazaji akakiri kwamba alinunua mwenyewe tiketi za yuani milioni 56. Ratiba ndiyo iliyowaumbua: kumbi zinazojaa usiku wa manane, maonyesho yakifuatana kwa dakika kumi katika chumba kimoja. Jifunze kusoma ratiba. Filamu ya saa mbili haiwezi kuanza upya baada ya dakika kumi, hata jedwali liseme nini.

Jingine la China ni mgawo. Studio ya kigeni hupata takribani asilimia 25 ya mapato ya mlangoni, wakati Marekani hubaki na karibu nusu. Dola milioni 100 za Shanghai na milioni 100 za Chicago huandikwa sawa kwenye vichwa vya habari, kisha za Chicago zinalipa madeni ya filamu na za Shanghai zinalipa nusu yake tu. Filamu ya nyumbani ina hesabu tofauti: Ne Zha 2, iliyotoka 29 Januari 2025 wakati wa Mwaka Mpya wa Kichina, ilizidi yuani bilioni 15, karibu zote ndani ya China, kwa tiketi zaidi ya milioni 300.

Kuhusu sarafu nitasema kwa ufupi kwa kutumia Nigeria. A Tribe Called Judah ya Funke Akindele, ya Desemba 2023, ilikuwa filamu ya kwanza ya Kinigeria kuvuka naira bilioni moja katika kumbi za nchi hiyo. Ni ushindi wa haki. Lakini katikati ya 2023 dola moja ilikuwa kama naira 460, na mapema 2024 ilishafika 1,500. Ukiigeuza naira ya Desemba kwa bei ya Machi utampunguzia mama wa watu sehemu kubwa ya kazi yake kwa kubonyeza kitufe kimoja. Geuza kwa bei ya wiki ile ile, au usigeuze kabisa. Na kwa rekodi za wakati wote, kumbuka Gone with the Wind ya 1939: inakadiriwa kuuza tiketi zaidi ya milioni 200 Marekani kupitia marudio yake, nchi hiyo ikiwa na watu kama milioni 130 tu ilipotoka. Kwenye orodha ya dola haionekani hata kwenye mia bora.

Wiki ya kwanza inakuambia tangazo lilikuwa zuri. Wiki ya pili inakuambia filamu ilikuwa nzuri. Filamu kubwa ikishuka nusu, hiyo ni kawaida; ikishuka robo, kanunue tiketi. The Greatest Showman, Desemba 2017, ilianza na dola milioni 8.8 na wachambuzi wakaanza kuiandalia matanga. Wikiendi ya pili ikapanda hadi 15.5, na ilipomaliza safari Marekani ilikuwa na milioni 174. Angalia pia wastani kwa ukumbi. Moonlight, Oktoba 2016, ilifunguliwa kumbi nne tu na kupata zaidi ya dola laki moja kwa kila ukumbi. Huko chini ya orodha ndiko mshindi wa Oscar alikuwa amejificha.

Ukifika hapa daftari limejaa na utaona nafasi tupu upande wetu. Watu waliojaza Majestic na Cine Afrique pale Unguja, au Avalon, Empire na Empress za Dar, walikuwa umati halisi. Waliokaa kwenye benchi za vibanda umiza wakimsikiliza marehemu Lufufu akisimulia filamu ya Kichina kwa Kiswahili, au DJ Afro kule Kenya, au VJ Jingo kwa Kiganda, walilipa kiingilio mlangoni kama mtu yeyote wa Paris. Hakuna jedwali la dunia lililowaandika. Septemba 2018, Mahakama Kuu ya Kenya iliporuhusu Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu iliyokuwa imepigwa marufuku, ionyeshwe kwa siku saba, watu walipanga foleni Nairobi na maonyesho yakajaa. Wiki hiyo ilistahili mstari wake pamoja na wiki kubwa za Seoul.

Kwa hiyo anza na ukumbi wa karibu nawe. Ijumaa, robo saa kabla ya onyesho la usiku, fungua ukurasa wa kuchagulia viti wa sinema ya mjini kwako, hesabu viti vilivyokwisha kuchukuliwa, andika na saa uliyohesabu. Wafuatiliaji wa India na China hufanya hivyo kila siku. Rudia Jumamosi, rudia Jumatatu, halafu Ijumaa inayofuata kwa filamu ile ile. Na kwa Bodi ya Filamu Tanzania na wenzao wa Kenya, ombi liwe moja na lirudiwe: jedwali la ukurasa mmoja, kila Jumatatu, lenye jina la filamu, idadi ya kumbi, idadi ya maonyesho na idadi ya tiketi. Fedha mnaweza kuziongeza baadaye.