Jinsi ya Kumpunga Pepo wa Uzi wa Tatu

Kila bendi ya dansi inamfahamu pepo huyu, hata kama haijamtaja jina. Gitaa limetyuniwa vizuri chumba cha nyuma, limepandishwa jukwaani, wimbo wa kwanza umekwenda salama. Kufika ubeti wa pili wa wimbo wa pili, uzi wa tatu unaanza kulia kivyake. Mpiga solo anaukunjia uso, anazungusha ufunguo kidogo, anapiga, anazungusha tena. Wimbo ukiisha anatoa hukumu: funguo za gitaa hili ni mbovu, na hali ya hewa ya Dar es Salaam haifai kwa ala za muziki. Mwezi ujao atanunua funguo mpya, na pepo atahamia humo pamoja naye.

Mwongozo huu ni wa kumpunga, na hauhitaji ubani wala kombe. Tafuta penseli ya shule, kitambaa kikavu, bisibisi ndogo na tyuna. Kisha kubali neno moja kabla hatujaendelea: funguo ndizo za mwisho kushukiwa. Ndani ya kila ufunguo kuna skrubu inayosukuma gurudumu la meno. Skrubu inaweza kuzungusha gurudumu, lakini gurudumu haliwezi kuizungusha skrubu. Uvute uzi upendavyo, ufunguo mzima hautageuka, hata ule wa bei rahisi. Ukiona uzi umeshuka ilhali hakuna aliyegusa ufunguo, sababu iko kwingine.

Watu wa Pwani wanajua kwamba kila pepo ana ngoma yake, na ukimpigia isiyo yake hatoki. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua anakaa wapi.

Mara nyingi anakaa kwenye kile kifupa cheupe kilicho pale shingo inapoishia na kichwa kuanza. Kina vijifereji sita, kila uzi na wake. Seti ya kawaida ya nyuzi, ile ambayo uzi wake wa kwanza una unene wa milimita 0.25, inaivuta shingo kwa jumla ya kama kilo 46, pungufu kidogo tu ya mfuko wa saruji. Kila unapopinda uzi kwa kidole ili noti ilie kwa uchungu, uzi unateleza mbele ndani ya kijifereji chake. Ukiuachia, unatakiwa urudi ulikotoka. Kijifereji kikiwa chembamba mno au kimejaa uchafu, uzi unarudi nusu njia na kukwama. Sehemu iliyo nyuma ya kifupa inabaki imekaza, ile ya mbele inabaki imelegea, na noti inakuwa imeshuka. Mpiga gitaa anakaza ufunguo. Akipinda tena, uzi unajinasua, ule mkazo wa ziada unamwagika mbele, na sasa noti imepanda juu kuliko inavyotakiwa. Hapo ndipo watu wanapoanza kuamini mambo ya ajabu.

Kumtambua ni rahisi, ila kunataka utulivu. Kaa mahali pa kimya, bila amplifaya, utege sikio karibu na kichwa cha gitaa, kisha uzungushe ufunguo wa uzi wa tatu polepole sana. Ukisikia sauti ndogo, ti!, na sindano ya tyuna ikaruka badala ya kupanda kwa ulaini, umemkamata. Legeza uzi, utoe kwenye kijifereji, chonga penseli iwe kali, usugue ncha yake humo ndani mpaka kijifereji kiwe cheusi na king'ae. Ule weusi wa penseli ni grafiti, kilainishi kikavu kisichovuta vumbi kama mafuta yanavyofanya. Rudisha uzi, kaza, sikiliza. Ti ikiendelea, kijifereji ni chembamba kuliko uzi, na hapo mpelekee fundi mwenye tupa nyembamba za kazi hiyo. Usijaribu kwa kisu. Kijifereji kikichimbwa kupita kiasi hakirudi, na uzi utaanza kugonga freti ya kwanza.

Sasa, kwa nini uzi wa tatu na si mwingine? Wengi huishia kucheka kwamba ndivyo ulivyo, lakini uzi huu umeonewa kwa sababu za kweli. Ya kwanza ni umbo la kichwa. Kwenye gitaa la Gibson Les Paul funguo ziko tatu upande huu na tatu upande ule. Uzi wa tatu na wa nne, ambazo ziko katikati, zinalazimika kukata kona kubwa zaidi kufikia funguo zao, na kona hiyo inaukandamiza uzi kwenye ukuta wa kijifereji. Kwenye Fender Stratocaster, gitaa lililoanza kuuzwa mwaka 1954, funguo zote sita ziko mstari mmoja na nyuzi zinapita moja kwa moja. Huko pepo anapenda zaidi vile vikulabu vidogo vinavyozikandamiza nyuzi nyembamba juu ya kichwa. Navyo vipakwe penseli.

Sababu ya pili iko kwenye uzi wenyewe. Nyuzi tatu za juu ni chuma kitupu, na wa tatu ndio mnene kuliko wenzake hao, kama milimita 0.43. Unavutwa kwa nguvu inayokaribiana na ile ya uzi wa kwanza, lakini nguvu hiyo inagawanyika kwenye chuma kingi zaidi, karibu mara tatu. Matokeo yake, ukizinyoosha nyuzi hizo mbili kwa kiasi kilekile, noti ya uzi wa tatu inahama karibu mara tatu kuliko ya uzi wa kwanza. Ndiyo maana mkono mzito unauumbua mara moja. Anayebana kodi kana kwamba gitaa litamtoroka anaipandisha noti kwa vidole vyake mwenyewe, na hakuna tyuna itakayomsaidia, kwa sababu tyuna ilisikia uzi ulio wazi. Jaribu hivi: gusa noti, punguza nguvu ya kidole mpaka ianze kukwaruza, kisha ongeza kidogo tu. Hiyo ndiyo nguvu inayotosha.

Sababu ya tatu haina pepo ndani yake, ni hesabu, na ningependa kila mpiga gitaa aijue kwa sababu imevuruga mazoezi mengi. Freti zinaigawa oktavu katika hatua 12 zilizo sawa, na kila hatua wataalamu wanaihesabu kuwa senti 100. Mgawanyo huo unatuwezesha kupiga wimbo katika ufunguo wowote wa muziki, lakini tumeulipia. Ile noti ya tatu inayoipa kodi kuu furaha yake iko juu kwa karibu senti 14 kuliko sikio linavyoitaka. Shika kodi ya E: noti hiyo, G kali, iko kwenye uzi wa tatu, freti ya kwanza. Sikio linasema imepanda. Mpiga gitaa mwenye sikio zuri anaushusha uzi kidogo, E inakuwa tamu kama asali. Halafu anahamia kodi ya G au ya C, uzi uleule ukiwa wazi, na kila kitu kinaoza. Anapandisha, E inachacha. Anaweza kuzunguka hivyo usiku kucha. Hesabu haipungwi. Tyuni nyuzi zilizo wazi kwa tyuna, zikae zilipo, ukubali kwamba E ina ukali kidogo. Kinanda nacho kina ukali huohuo, kwa hiyo angalau bendi nzima mtakuwa mmekosea pamoja.

Uzi mpya una matatizo yake, na ngoma yake ni fupi. Uzungushe kwenye nguzo ya ufunguo mara mbili au tatu tu, kila mzunguko ukishuka chini ya uliotangulia bila kupandana. Mizunguko mingi ni uzi wa ziada unaosubiri kujikaza wakati wa wimbo. Baada ya hapo ushike usawa wa freti ya 12, uvute juu taratibu, utyuni, uvute tena, mpaka sindano isishuke tena. Anayefunga nyuzi mpya dakika kumi kabla ya kupanda jukwaani na kuacha kuzivuta amewaandalia wasikilizaji wake adhabu wasiyoistahili.

Uzi mzee ni habari nyingine. Pitisha ukucha chini yake juu ya freti za kwanza, utahisi vishimo pale chuma kilipokula chuma. Jasho limeuongezea kutu. Uzi wenye vishimo hautetemeki sawasawa kwa urefu wake wote, basi unaweza kuwa sahihi ukiwa wazi na mwongo ukifika freti ya saba. Kuuchemsha kunaondoa mafuta na uchafu, hakurudishi chuma kilichokwisha liwa. Najua bei ya seti moja, na najua kwamba mkoani inabidi kuagiza. Ndiyo maana kile kitambaa kikavu ni cha thamani: futa kila uzi, juu na chini, kila unapomaliza kupiga.

Gitaa likiwa sawa karibu na kichwa na kukosea kadiri unavyopanda, nenda kwenye daraja, pale chini nyuzi zinapokaa juu ya vitandiko vyake. Gusa uzi kwa ulaini juu ya freti ya 12 bila kuubana, upige, uipate ile sauti nyembamba kama kengele. Kisha ubane freti hiyohiyo na upige tena. Noti iliyobanwa ikiwa juu kuliko kengele, tumia bisibisi kurudisha kitandiko nyuma, mbali na shingo, ili uzi urefuke. Ikiwa chini, sogeza mbele. Kwenye Stratocaster urefu wa uzi ni milimita 648, kwenye Les Paul kama 628, lakini usipime kwa rula. Sikiliza.

Kuna pepo mmoja asiyewajua kabisa wenzetu wa gitaa la mbao lisilo na umeme. Pikapu, zile zinazonasa sauti, zina sumaku, na nyuzi ni chuma. Zikiinuliwa karibu mno, hasa kwenye Stratocaster, sumaku inauvuta uzi mnene unapotetemeka, na noti za juu shingoni zinatoa sauti mbili zinazogombana. Watu wamebadilisha shingo nzima kwa sababu ya hili. Bana uzi kwenye freti ya mwisho, hakikisha kuna milimita 2 hadi 3 kati yake na sumaku, na ugomvi unaisha. Na kama gitaa lako lina mkono wa tremolo ambao huutumii, ongeza springi za nyuma ziwe tano na uzikaze mpaka daraja lilale juu ya mwili wa gitaa. Daraja linaloelea likibadilishiwa mvuto wa uzi mmoja, nyuzi tano nyingine zote zinahama.

Ninayasema haya kwa ukali kwa sababu muziki wetu unaning'inia kwenye jambo hili. Sikiliza Sina Makosa ya Les Wanyika. Gitaa la rizimu la Omari Shabani linajibizana na besi ya Tom Malanga, solo inapita juu yao, na hakuna anayemfunika mwenzake. Kila mmoja anaacha nafasi, na ndani ya nafasi hiyo ndimo tunamochezea. Katika rumba ya magitaa safi kosa la senti 15 halina pa kujificha, kwa sababu noti ileile inapita mkono wa huyu na mkono wa yule, na tofauti yao inasikika kama mawimbi.

Kwa hiyo msityuni kila mtu kivyake. Kabla ya dansi, bendi yenye kinanda ianzie hapo, kwa sababu kinanda hakijadiliani na mtu. Tyuna zote ziwekwe A ya 440, kipimo cha kimataifa, maana kitufe kilichoguswa kwa bahati mbaya kinaweza kuipeleka ya mwenzako 442 bila yeye kujua. Fungua sauti ya gitaa mpaka mwisho, chagua pikapu ya karibu na shingo, piga kwa ulaini. Uzi ukiwa juu, ushushe chini ya noti kwanza halafu upande kuifikia. Ukiishia kwa kushuka, ule ulegevu mdogo ulio katikati ya meno ya ufunguo unabaki ndani, na mpindo wa kwanza utautoa.

Kisha jiandaeni kwa saa sita usiku. Ukumbi umejaa, taa zimewaka tangu saa tatu, na joto linaanza kuitenganisha bendi. Chuma kikipata joto kinarefuka, nyuzi zinalegea, magitaa yanashuka. Hewa iliyo ndani ya saksafoni na tarumbeta ikipata joto, noti zake zinapanda. Kila upande unaapa kwamba mwingine ndiye aliyehama, na wote wanasema kweli. Mpiga tarumbeta avute mrija wake wa kutyunia nje kidogo, mwenye saksafoni asogeze mdomo wa ala nje kwenye shingo yake, na wapiga magitaa warudi kwenye A ya kinanda, besi ikiwemo. Fanyeni hivyo wakati mwimbaji anatoa salamu kwa waliohudhuria, sauti ikiwa imefungwa na tyuna ya kubana ikisoma mtetemo wa mbao kichwani mwa gitaa. Salamu zake huwa ndefu, nyuzi zote sita zinapata nafasi. Anzeni na wa tatu.